Picha za Usiku na Hesabu ya Muda

Jicho la mwanadamu haliweki akiba. Mwanga unaoingia sasa hutumika sasa hivi, na kabla sekunde haijaisha ubongo umeshadai mwingine. Ndiyo maana mtu akishalizoea giza, jambo linalochukua kama nusu saa, anaweza kukodoa macho hadi alfajiri asione zaidi ya hapo. Kamera iliyoachwa wazi inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kila mwanga unaopita kwenye lenzi unaongezwa juu ya uliotangulia, na haba na haba hujaza kibaba. Baada ya sekunde 30 kibanda ambacho hakikuonekana kimejitokeza. Baada ya dakika chache ukuta wake una rangi, kwa sababu rangi zilikuwapo muda wote. Ni jicho ambalo gizani hupoteza uwezo wa kuzitambua.

Watu wengi wakionyeshwa picha ya namna hiyo huuliza kama ni ya kweli. Swali hilo ni la haki na linastahili kujibiwa kwa makini. Picha ya usiku iliyopigwa kwa kuacha shata wazi muda mrefu ni ya kweli, ila inasimulia muda mzima na si nukta moja ya tukio. Anayeipiga na anayeitazama wakilisahau hilo, picha itadanganya ingawa hakuna aliyekusudia uongo. Wakilikumbuka, inakuwa kumbukumbu bora ya usiku wetu. Na usiku wa Afrika Mashariki unabadilika haraka. Kumbukumbu hizo tutazihitaji.

Mwanzoni mwa upigaji picha, muda mrefu haukuwa jambo la kuchagua. Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce alipopiga mandhari ya dirishani kwake mwaka 1826 au 1827, alilazimika kuacha kamera wazi kwa saa nane au zaidi, na jua linaonekana limepiga kuta za pande zote mbili za ua. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, mtaa wenye pilikapilika nyingi wa Paris. Ulikuwa mchana, watu na magari ya farasi wakipita, lakini picha ilihitaji dakika kadhaa na wote wale wamepotea. Barabara inaonekana tupu. Aliyesalia dhahiri ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, mguu wake mmoja ukiwa umeinuliwa. Jina lake halijulikani. Amebaki kwa sababu alitulia.

Kanuni iliyomhifadhi mtu yule ndiyo inayotawala picha za usiku hadi leo, na mahali pazuri pa kuiona ni mtaani. Mchukue muuza kahawa wa usiku wa Dar es Salaam au Mombasa, anayetembea na birika lililokaa juu ya jiko dogo la mkaa. Kamera imesimama ng'ambo ya mtaa, shata iko wazi sekunde 30. Muuza kahawa anapita kwa mwendo wake wa kawaida. Mwili wake unaziba sehemu yoyote ya ukuta wa nyuma kwa nusu sekunde hivi, kisha unaondoka. Kwa muda wote uliobaki ukuta ule unaendelea kujiandika. Mwili umepata sehemu moja kati ya 60 ya picha, na jicho haliwezi kuiona. Lakini makaa yana mwanga wake. Yanaacha mstari mwekundu hafifu, karibu na kimo cha goti, unaopanda na kushuka kufuata mkono uliolibeba birika. Akisimama kumhudumia mteja kwa sekunde kumi, anatoka nusu, ukuta ukionekana kupitia kifuani mwake. Na mzee aliyekaa barazani akingoja kikombe chake, asiyejitikisa, ametoka mzima hadi mikunjo ya kanzu.

Watu watatu wamekuwa mbele ya lenzi moja, na kila mmoja amepewa kadiri ya muda aliokaa. Kamera haikumpendelea yeyote. Aliyeamua ni mpigapicha, pale alipochagua sekunde 30. Angechagua nusu sekunde na kuongeza wepesi wa sensa, muuza kahawa angeonekana akiwa katika mwendo, miguu imefifia na uso unatambulika. Kwa hiyo kuchagua muda ni kuamua nani aonekane na nani asionekane. Uamuzi huo hauna ubaya wowote, mradi ufanywe kwa kujua.

Hufanywa mara nyingi bila kujua. Huuma kuona picha ya mtaa wa Kariakoo iliyopigwa usiku wa manane, barabara nyeupe na tupu, chini yake pameandikwa kwamba jiji limelala. Jiji halikuwa limelala. Palikuwa na vijana wanaoshusha mizigo kwenye malori, wasukuma mikokoteni, madereva wa bodaboda na wanawake wanaorudi kutoka kazini. Walikuwa wakitembea, na ndiyo maana hawamo. Picha imeufuta umati wa watu wanaofanya kazi usiku, kisha maelezo yakaugeuza ufutaji huo kuwa habari. Mpigapicha anayejali angeandika kwamba shata ilikuwa wazi kwa dakika moja, na msomaji angejua kwamba utupu anaouona ni wa dakika moja ya watu kupita.

Mwendo ukielewa kuusoma, hata mistari ya taa za magari, ambayo wengi huipiga kwa ajili ya uzuri wake tu, ina habari ndani yake. Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 linapita juu ya bahari kwa zaidi kidogo ya kilomita moja. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri kama mita 330 katika sekunde 30. Basi mstari mwekundu unaoonekana umetandikwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa daraja haukuandikwa na gari moja. Magari mengi yamepokezana kuuandika, kila moja likichukua kipande chake. Palipo na doa zito la wekundu, mtu amekanyaga breki. Taa zilizo juu zaidi ya nyingine ni za basi. Na foleni ikisimama kabisa, mistari hukoma na magari yenyewe hujitokeza, hata rangi zake. Picha mbili za mahali hapo hapo, moja ya saa kumi na mbili na nusu jioni na nyingine ya saa sita usiku, zinaeleza foleni ya jiji kwa ufasaha mkubwa.

Muda ukizidi mno, hata hivyo, habari hupotea. Mjapani Hiroshi Sugimoto alilionyesha hilo katika mfululizo wa picha za kumbi za sinema alioanza miaka ya 1970. Hufungua shata filamu inapoanza na kuifunga inapokwisha. Wahusika wote, vita na mapenzi yote ya filamu nzima vimejumlishwa, na kinachobaki kwenye pazia la ukumbi ni mstatili mweupe. Kilichoonekana vizuri ni ukumbi wenyewe, viti na nakshi zake, vilivyomulikwa na filamu ile. Mpigapicha wa usiku anapaswa kuubeba mfano huo kichwani. Kila anaporefusha muda anaongeza kitu na kupoteza kingine.

Kazi yenyewe haina siri nyingi. Kinachotangulia ni stendi ya miguu mitatu iliyosimama imara. Pwani yetu, miezi ya kusi, upepo hutosha kuitikisa. Mfuko wa kamera ukining'inizwa chini ya stendi huiongezea uzito, na kizuia mtikisiko cha lenzi ni bora kizimwe, maana kikitafuta mtikisiko usiokuwapo kinaweza kuuleta. Kamera nyingi huacha shata wazi zenyewe hadi sekunde 30. Zaidi ya hapo huwekwa kwenye alama ya B, na shata hufunguliwa na kufungwa kwa waya au rimoti ili mkono usiiguse kamera.

Kupata muda sahihi gizani bila kubahatisha ni suala la kuzidisha. Weka ISO 6400 na ujaribu kwa sekunde chache. Tuseme sekunde 4 zimetoa picha yenye mwanga wa kutosha. Ukitaka picha safi zaidi kwa ISO 100, wepesi wa sensa umepungua mara 64, kwa hiyo muda uongezwe mara 64: sekunde 256, yaani dakika nne na ushei. Zamani za filamu hesabu hii haikutimia hivyo. Filamu huchoka, kadiri mwanga unavyokuwa hafifu na muda kuwa mrefu, ndivyo inavyohitaji zaidi ya hesabu inavyosema. Karl Schwarzschild, mnajimu wa Kijerumani, alilipima jambo hilo kuelekea mwisho wa karne ya 19. Brassaï, aliyeupiga usiku wa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipima muda kwa sigara: Gauloise palipokuwa na mwanga kiasi, Boyard pakiwa na giza zaidi.

Sensa za leo hazichoki, ila hupata joto, na joto hutengeneza chembe za umeme ambazo kamera huzihesabu kama mwanga. Ndizo zile nukta nyekundu na buluu zinazotapakaa kwenye sehemu nyeusi. Kwa kila ongezeko la nyuzi sita hadi nane za Selsiasi, takataka hizo huongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo anayepiga Dar es Salaam usiku wa Februari anafanya kazi katika mazingira magumu kuliko anayepiga Makete mwezi Juni, hata wakitumia kamera ya aina moja. Kamera nyingi zina njia ya kujisafisha: hupiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, kwa muda ule ule, kisha huiondoa takataka iliyopatikana humo kutoka kwenye picha ya kwanza. Gharama yake ni muda. Picha ya dakika nne inakula dakika nane.

Mwambao una somo lake la ziada. Usiku mzuri wa nyota ni usiku wa mwezi mwandamo au karibu nao, na siku hizo ndizo za bamvua. Dar es Salaam na Unguja, maji ya bamvua huwa yamekupwa mbali sana karibu na saa nne za usiku, na kujaa kabisa kuelekea saa kumi za alfajiri. Fungu la mchanga lililo kavu wakati wa kusimamisha stendi litakuwa chini ya maji kabla usiku haujakwisha. Wavuvi hulijua hili tangu utotoni, na mgeni atakayewauliza kwanza atakuwa amejifunza jambo la maana kuliko lolote lililomo katika kitabu cha maelekezo ya kamera.

Vitabu hivyo, kwa kweli, vingi vimeandikwa chini ya anga nyingine. Vinamwambia msomaji aitafute Nyota ya Kaskazini, aelekeze kamera huko, na baada ya saa moja au mbili atapata nyota zote zikiizunguka kwa duara. Kwa mtu wa Dar es Salaam nyota hiyo haionekani kabisa, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi saba tu juu ya upeo wa macho. Kisumu na Kampala, zilizo karibu kabisa na ikweta, zina ncha zote mbili zikiwa zimelala kwenye upeo. Hapo nyota huchomoza wima. Elekeza kamera mashariki, acha shata wazi kwa saa moja, muda ambao anga husogea nyuzi 15, na utapata kitu ambacho mtu wa London hawezi kukipata kwao: katikati mistari iliyonyooka kwenda juu moja kwa moja, ya kushoto ikipinda kuelekea kaskazini, ya kulia kuelekea kusini. Picha kama hiyo inasema ilipigwa wapi duniani kabla hujasoma neno lolote.

Anayetaka nyota zibaki nukta badala ya mistari hutumia kanuni ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera yenye sensa kubwa inaruhusu kama sekunde 20. Kwetu ni busara kupunguza hadi sekunde 15 au chini yake, kwa sababu nyota zinazosogea haraka kuliko zote ni zile za ikweta ya anga, na ikweta hiyo inapita utosini mwetu.

Fidia yake ni kubwa. Kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, hakifiki nyuzi kumi juu ya upeo kwa mtu aliyeko London. Dar es Salaam hupanda zaidi ya nyuzi 65, na hufanya hivyo usiku wa manane mwezi Juni na Julai, katika kipupwe, wakati mvua za masika zimeshapita. Kilimia, ambacho wakulima wa pwani walikitazama kujua majira, huonyesha nyota sita au saba kwa macho mazuri. Sekunde chache za kamera huonyesha makumi.

Ni kwa njia hii wanajimu waligundua kwamba picha inaweza kuona wasichokiona wao. Tarehe 30 Septemba 1880 Mmarekani Henry Draper alipiga wingu la gesi lililo katika kundinyota la Jabari, yaani Orion, akiacha kamera wazi kwa dakika kama 50. Edward Emerson Barnard, aliyeanza kuupiga ukanda wa Njia Nyeupe mwaka 1889 huko Lick, California, alikaa saa nyingi kila usiku jicho likiwa kwenye darubini ili nyota ya kuongozea isihame. Picha zake zilifungua mjadala juu ya sehemu nyeusi zilizo katikati ya nyota, na mwaka 1919 alichapisha orodha ya sehemu 182 za namna hiyo. Leo inajulikana kwamba ni mavumbi yanayoziba mwanga wa nyota za nyuma. Desemba 1995 darubini ya Hubble ilielekezwa kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kuwa kitupu. Ilipiga picha 342 kwa siku kumi, na zilipojumlishwa zikatoa magalaksi yapatayo 3,000. Subira ya kamera, katika mkono wa mtu anayeandika muda wake, ni chombo cha elimu.

Hicho ndicho chombo ambacho tungeweza kukitumia kwa usiku wa duniani pia. Ziwa Victoria linatoa mfano ulio wazi. Wavuvi wa dagaa, samaki ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene, huwavuta kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wengi hupumzika. Hivyo mvuvi na mpigapicha wa nyota wanafuata kalenda moja. Usiku ambao anga la Mwanza au Musoma liko tayari kupigwa, ziwa nalo limejaa taa. Sekunde kumi za shata zinatoa kila taa kama nukta yenye kivuli chake majini, na unaweza kuzihesabu. Dakika tano zinatoa nyuzi fupi za mwanga zilizojikunja, na ukiziangalia kwa pamoja unaona zimeelekea upande mmoja: upepo umezisukuma zote. Rangi nayo inasema. Karabai hutoa mwanga wenye unjano. Taa za betri na sola ni nyeupe, nyingine zinakaribia buluu. Picha ya ziwa lenye taa za aina zote mbili inaonyesha jinsi karabai inavyoachwa, mtumbwi mmoja baada ya mwingine. Ikiwa na tarehe, ni ushahidi wa badiliko ambalo wavuvi wanalijua vizuri na ambalo wanahistoria wanaweza kulipita.

Tatizo jipya ni kwamba muda sasa unafichwa. Tangu mwaka 2018 Google ilipoleta picha za usiku kwenye simu zake kwa kuunganisha picha nyingi fupi, simu nyingi zimefuata njia hiyo, na mwaka uliofuata ikaja ya nyota, inayojumlisha vipande vya hadi sekunde 16 kwa dakika nne. Ni hatua njema. Imewapa watu wengi wasio na kamera kubwa uwezo wa kulipiga anga. Lakini programu hulinganisha vipande, na kinachosogea inaweza kukichukulia kama kasoro na kukitupa. Katika kamera ya kawaida mpita njia hufutwa na hesabu ya mwanga. Katika simu anaweza kufutwa na uamuzi ambao mpigapicha hakuufanya wala hakuambiwa.

Kwa sababu hiyo kila picha ya usiku inayowekwa mbele ya umma ingefaa kuandikiwa mambo manne: mahali, tarehe na saa, muda ambao shata ilikuwa wazi, na kama ni picha moja au nyingi zilizounganishwa. Magazeti na maonyesho yana nafasi ya mstari huo mmoja. Bila huo, mtazamaji hana njia ya kujua kama mtaa ulikuwa mtupu au ulikuwa umejaa watu wanaotembea.

Mambo hayo manne yanafungua pia kazi kubwa zaidi. Ramani ya dunia ya mwanga wa usiku iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe wakiwa nyumbani kwao. Vijiji vyetu vingi bado vinaiona. Umeme unavifikia, na ni heri uvifikie. Mtoto anayesoma kwa taa na mama anayejifungua kwenye zahanati yenye mwanga wana haki hiyo kabla ya nyota. Tunachoweza kujifunza mapema ni taa ipi inamulika njia na ipi inamulika mawingu bure. Picha inayopigwa mahali pale pale, kwa lenzi na muda ule ule, katika usiku usio na mwezi wa Julai ya kila mwaka, ingeonyesha tofauti hiyo waziwazi kwa diwani na kwa fundi anayefunga taa za barabarani. Haihitaji kamera ya gharama kubwa. Inahitaji stendi, daftari la kumbukumbu, na mtu aliye tayari kurudi pale pale mwakani.